Ubao wa Barabara ya Fauverge

Alhamisi, 12 Juni

Daftari hili nimepewa na Ghislaine, karani wa ofisi ya kijiji. Ameniambia niandike humu kila siku nilichokiandika ubaoni. Nikamwambia mimi na kalamu hatuna urafiki, shule niliiacha nina miaka kumi na mmoja nikaenda kuchunga. Akasema, "Mzee Anselme, andika unavyoongea, tutasoma hivyo hivyo." Haya basi, wamejitakia wenyewe.

Shauri lenyewe ni hili. Mwisho wa kijiji, barabara inapoanza kupanda kwenda Fauverge, juu mlimani, na kuingia Italia, kuna ubao mweusi. Tangu nistaafu, miaka kumi na minne sasa, kila asubuhi naandika hapo kama barabara iko wazi au imefungwa, wapi pana mawe, wapi pana ukungu. Watu wa likizo husimamisha magari, husoma, hupanda. Sasa baraza limefungua tovuti, Ghislaine anaijaza akiwa ofisini, na Meya Estachy anauliza vitu viwili vya nini. Kwa hiyo msimu huu tutaandika sote. Mwezi wa kumi baraza litakaa, wataweka maneno yangu na yake mezani, kisha waamue kama ubao ubaki au ung'olewe.

Nimesema sawa. Nimesukuma theluji ya barabara ile kwa miaka thelathini na minne. Ina kona arobaini na tatu na hakuna hata moja iliyowahi kunidanganya. Mwenye kuogopa si mimi.

Leo: WAZI. Theluji pembeni inampita mtu kimo. Kona ya 31 ina maji.

Ijumaa, 13 Juni

Wazi.

Jumamosi, 14 Juni

Wazi. Mjerumani mmoja aliuliza kama juu kuna petroli. Nikamwambia juu kuna mbuzi na Honorine wa mgahawa. Akarudi kujaza.

Jumatano, 18 Juni

Wazi, ukungu kuanzia kona ya 20.

Ghislaine alinikuta ubaoni akauliza habari zangu nazitoa wapi. Nikamwambia kwa Honorine Tholozan, mwenye mgahawa kule juu kabisa, analala huko msimu mzima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ananipigia simu. Kukiwa na baridi anamwaga ndoo ya maji barabarani, anakunywa kahawa yake, kisha anatoka kuangalia. Maji yakiganda, naandika barafu. Yasipoganda, siandiki.

"Ndoo," akasema Ghislaine.

"Ndoo. Na wewe?"

"Mimi naletewa kila saa na idara ya barabara. Wana vyombo vya kupima."

"Vyombo hivyo vinakunywa kahawa?"

"Havinywi, mzee."

"Basi vinatoka kuangalia saa ngapi?"

Akaondoka anatikisa kichwa. Ana miaka hamsini na tatu yule, lakini bado anafundishika.

Jumamosi, 5 Julai

IMEFUNGWA. Leo naandika kirefu kwa sababu leo nimeshinda.

Jana jioni ilipiga radi mpaka masufuria yangu yakalia ukutani. Asubuhi Honorine akanipigia: kona ya 27 imejaa mawe, moja ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Saa moja kasoro nilikuwa ubaoni, nimeandika kwa herufi za kuonekana Italia.

Wakaja Waholanzi wanne na pikipiki. Mkubwa wao akaninyooshea simu usoni. "Hapa panasema wazi."

"Vizuri," nikamwambia. "Ukifika kona ya 27, ishushe simu yako ikusaidie kusukuma mawe."

Wawili wakanisikiliza. Wawili wakapanda, wakarudi baada ya nusu saa bila kunitazama. Tovuti ya Ghislaine iliendelea kusema wazi mpaka saa tano. Alikuja mwenyewe ubaoni, akasoma, akasema, "Nimekuona, mzee." Nikamwambia hata kipofu angeniona.

Moja bila, kama mpirani.

Jumatatu, 14 Julai

Wazi. Sikukuu. Nimecheza dansi uwanjani na mjane wa fundi bomba. Goti linanilaumu.

Jumanne, 22 Julai

Wazi. Kule Italia, shimo la pili, barabara inamopita chini ya mlima, linatengenezwa, magari yanayovuta nyumba za kulala hayapiti tangu jana. Tovuti ilijua. Mimi sikujua, maana Honorine haoni ng'ambo ile. Mwingereza mmoja na nyumba yake ya magurudumu alipanda kwa maneno yangu akageuzwa mpakani.

Hili silihesabu. Italia si yangu.

Jumatano, 23 Julai

Wazi.

Saa moja asubuhi Ghislaine alikuja na karatasi ya habari za upande wa Italia, akaniwekea mfukoni mwa koti kama mtu anayeficha kitu. Nikamuuliza ametumwa na meya? Akasema hapana, ni njiani kwake. Uongo. Nyumba yake iko upande wa pili wa mto.

Niliziandika. Chini, herufi ndogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Wazi. Joto. Nimehesabu magari mia mbili kabla ya chakula cha mchana kisha nikalala. Msichana wa Kiitalia aliupiga picha ubao. Nikasimama karibu nao ili naye apate kitu.

Jumatano, 20 Agosti

Wazi.

Nilimwambia Ghislaine huwezi kuandika habari za barabara usiyoipanda. Akafunga ofisi, akasema twende. Alikuwa na gari lake dogo na mimi nimeshika mlango kwa mikono miwili. Nasema ukweli: anaendesha vizuri. Kila kona alinyamaza nimalize habari zake, ni wapi barafu hukaa mpaka saa nne, ni wapi upepo husukuma gari refu. Aliandika yote. Kona ya 38 akasimama ghafla.

"Mzee, haya yote uliwahi kumwandikia mtu?"

"Kwa nini niandike? Nayajua."

Honorine alitupa keki ya matunda ya porini, akamwambia Ghislaine, "Ukimzoea huyu utaona ni mtu. Inachukua miaka ishirini hivi."

Ijumaa, 12 Septemba

Wazi. Ndoo imeganda. Minyororo ya magurudumu iwe karibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Wazi. Haikuganda.

Ijumaa, 26 Septemba

Wazi. Hewa safi, unaona hadi mawe ya juu kabisa.

Jioni walikuja Wabelgiji wawili, Wouter na mkewe Griet, wanavuta nyumba ya magurudumu nyeupe. Wameegesha uwanjani pa kupigia hema, kesho wanavuka mapema kwenda bandarini Italia kupanda feri ya Sardinia. Griet alisoma ubao wote, hata herufi ndogo, halafu akaniuliza, "Kesho kuna chochote?"

Nikamwambia, "Kesho hakuna mvua, hakuna mawe, hakuna barafu. Mwendo wa saa moja na dakika kumi mpaka juu. Mimi nakuambia."

Akasema walifuata simu kwenye nchi nne na ilishawapotosha mara mbili, kwa hiyo amefurahi kumpata mtu.

Jumamosi, 27 Septemba

Niliandika: WAZI.

Daftari hili niliambiwa niandike nilichokiandika ubaoni, na nimeandika. Ningeweza kuishia hapo.

Leo ni siku kondoo wanaposhuka. Tangu babu wa babu yangu, Jumamosi ya mwisho ya Septemba makundi matano yanatoka malishoni alfajiri, yanafuata barabara mpaka kijijini, elfu tatu na zaidi, na sisi tunaweka meza uwanjani, tunachoma nyama, tunakunywa. Hakuna mtu wa hapa anayepanda Fauverge siku hiyo kabla ya saa sita mchana. Hata daktari hapandi. Hakuna anayemwambia mwenzake, kama vile hamwambii mtu kesho ni Jumapili.

Mwishoni mwa chakula nilikuwa nimekaa na Baptistin, mchungaji wa kundi la kwanza, tunabishana kuhusu mbwa wake, nikamwona Wouter anakuja katikati ya meza. Suruali yake ilikuwa na samadi mpaka magotini.

"Wewe ndiye uliyeandika wazi," akasema.

"Ndimi. Na palikuwa wazi. Ulipita au hukupita?"

Watu wakacheka. Baptistin akainua glasi. "Alipita! Nilimwacha kona ya 12, kondoo wangu wanajitazama kwenye kioo chake. Bwana, wale majike walikupenda sana."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Wouter alisimama tu, na nyuma yake nikamwona Griet, ameshika viatu vyake mkononi.

"Tuliondoka saa moja na nusu," akasema yeye. Hakupaza sauti. "Kundi la kwanza, la pili, la tatu. Na nyumba ile nyuma hatuwezi kugeuka. Tulifika juu saa sita. Feri ilikuwa saa nane, na bandari ni mbali. Tumegeuza, maana hakuna tena pa kuwahi."

"Kuna nyingine," nikamwambia.

"Jumatatu. Dada yangu anaolewa huko Sardinia kesho saa tano asubuhi."

Nilisikia kengele za kondoo kule zizini.

"Nilikuuliza jana," akasema Griet. "Nilikuuliza kama kuna chochote."

Nikasema kila mtu anajua siku hii. Nililisema kwa sauti kubwa, nikatazama pembeni nipate wa kuniunga mkono. Honorine, ambaye siku hii hushuka na kondoo, alikuwa ameinama anakata mkate uliokwisha katwa.

"Kila mtu nani?" akauliza Wouter. "Sisi tunatoka Gent."

Nikaivuta glasi yangu, ilikuwa tupu.

Aliyesimama ni Ghislaine. Aliacha sahani yake, akaenda na Griet ofisini, wakakaa na simu mbili zaidi ya saa moja. Ndege ya kesho asubuhi kutoka Torino ilikuwa na nafasi moja tu. Ndipo Ghislaine akaleta gari lake dogo, akamweka Griet na begi lake, akapanda naye Fauverge saa kumi jioni ili alale karibu na uwanja wa ndege. Kona arobaini na tatu na barabara yote imejaa samadi mbichi. Kabla hajaondoka nilienda dirishani nikamwambia, "Kona ya 16 utateleza, pita ndani."

"Najua, mzee," akasema. "Nimeandika."

Wouter amelala kwangu. Nimempa chumba cha mbele na supu. Nilimzungumzia theluji ya mwaka niliovunja jembe la gari la kusukumia theluji. Baadaye nikaosha vyombo.

Jumapili, 28 Septemba

Wazi. Samadi kuanzia kona ya 5 mpaka 29, endesha polepole.

Griet alipiga simu mchana. Ndege ilitua saa tano na robo. Alifika watu wamekwisha kula kiapo na wako kwenye nyama. Wouter alimsikiliza, kisha akanipa simu. Niliishika kama mtu aliyepewa nyoka.

"Amevaa nini bibi harusi?" nikamuuliza, maana sikujua la kuuliza.

"Kijani," akasema Griet. Kisha akaanza kulia, kisha akasema nimwambie Wouter asisahau kuwalisha samaki wao. Ndani ya nyumba ile ya magurudumu wana samaki. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Jumanne, 30 Septemba

Wazi.

Ghislaine alikuja ubaoni bila karatasi. Akaangalia kushoto na kulia.

"Wouter aliandika malalamiko kwenye tovuti ile Jumamosi, kabla hajala supu yako," akasema. "Yamefika kwangu tu."

"Na tovuti yako iliandika nini Jumamosi?"

"Wazi. Nilikosea kama wewe, na mimi nimezaliwa hapa hapa. Lakini nisikilize, mzee. Nikiyapeleka kwa meya, mimi wataniambia nirekebishe. Wewe watakuambia ukapumzike. Unajua hivyo."

Najua hivyo. Wako watatu barazani wanaosubiri niteleze tangu mwezi wa sita.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tovuti ikijaa, huwa nafuta maandishi ya zamani. Hata wiki hii naweza."

Nilimtazama. Mwezi wa sita nilidhani mwanamke huyu anataka kunitoa hapa. Nimeishi miaka sabini na tisa na nimemjua tangu akivaa bukta, na sikuwa nimemjua.

Nikamwambia, "Usifute. Nilishawaandikia baraza daftarini, kurasa mbili nzima. Unajua ilivyo kazi kwangu kuandika kurasa mbili? Sizichani."

"Mzee, ni ubao wako."

"Ndiyo maana."

Alhamisi, 2 Oktoba

Wazi. Wouter ameondoka kumfuata mkewe. Nilimwambia kila kitu kilichoko njiani, mpaka akasema, "Mzee, nitachelewa na feri hii pia."

Jumamosi, 4 Oktoba

Wazi mpaka saa nne, kisha theluji kidogo. Minyororo.

Nimekaa ubaoni leo na kuwatazama wageni, nikawaza: huyu hajui nini? Mfaransa wa kaskazini hajui kwamba petroli ya hapa inafungwa saa sita hadi saa nane, mwenye kituo anakula na halazimishwi. Mwaustria hajui kwamba mkono wa saa ya kanisa umechelewa dakika saba tangu radi ya Julai. Hakuna ajuaye kwamba kibao cha idara kule kona ya 9 kinachosema "kilomita 4" ni cha barabara ya zamani. Mimi nimepita mbele yake miaka arobaini na nane. Sijakisoma hata mara moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Wazi. Ndoo imeganda.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wazi, barafu kona za kivuli.

Baraza limekaa saa tatu asubuhi. Wajumbe tisa, meya katikati, tovuti ya Ghislaine imechapishwa kwenye karatasi, na daftari langu. Meya akasema atasoma yeye ili nisichoke. Nikamwambia macho ni yangu na maandishi ni yangu, hakuna mwingine atakayeyaweza.

Nilisoma tangu Juni, kwa kidole. Penye "nimeshinda" walicheka, nikawaacha wacheke. Nilipofika Septemba nikasoma siku ya kondoo yote, sikuruka. Nilisoma na pale niliposema kila mtu anajua. Kusoma kwangu ni kwa polepole, kwa hiyo walikaa nayo muda mrefu.

Mjumbe mmoja akasema, "Basi imethibitika. Ubao ulimkosesha mtu harusi ya dada yake."

Ghislaine akasimama. "Tovuti pia. Yako malalamiko, nimeyaleta. Someni tarehe, someni nilichoandika."

"Wewe utarekebisha," meya akamwambia.

"Nirekebishe nini, Meya? Nimeandika barabara iko wazi, na ilikuwa wazi. Hakuna chombo cha idara kinachonitumia kondoo."

Meya akanigeukia. "Mzee Anselme, una la kusema kuutetea ubao wako?"

Nikamwambia, "Siutetei. Nataka wa pili."

Kukawa na kelele. Nikasubiri, nimezoea kusubiri theluji ianguke yote ndipo nisukume.

"Wa kwanza ni wa barabara, na huo nauweza kuliko mtu yeyote kutoka hapa hadi Torino. Wa pili ni wa mambo tunayoyajua sisi. Wageni wanatuuliza kama kuna chochote na sisi tunasema hakuna, maana kwetu si kitu. Nyinyi tisa hapa, nani aliyemwambia mgeni habari za kondoo? Hata mmoja? Wewe Estachy, una vyumba vya kupangisha. Ulimwambia mtu?"

Meya akakohoa. Alikuwa na wageni watano siku ile. Waliondoka saa mbili asubuhi, wakapanda.

"Na nani atauandika?" akauliza.

"Mimi. Na Ghislaine atanakili kila asubuhi aweke kwenye tovuti, kwa sababu ana mwandiko, na kwa sababu anaijua barabara."

Ghislaine hakunitazama, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Wakapiga kura. Sita kwa watatu. Wale watatu ni wale wale, nitawasalimia vizuri kesho ili waumie.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wazi, na leo ndiyo siku ya mwisho. Saa kumi jioni nashusha kizuizi na barabara inalala mpaka Juni.

Ubao wa pili ni mpya, bado unanuka rangi. Tumeuandika tangu asubuhi. Honorine, aliyeshuka na paka wake na ndoo yake, amesema niweke kwamba mgahawa wake haupokei kadi. Baptistin ameleta tarehe ya Jumamosi ya kondoo ya mwaka ujao, nimeiandika juu kabisa, na pembeni Ghislaine amemchora kondoo anayefanana na mbwa. Petroli nimeiweka. Saa ya kanisa nimeiweka. Kibao cha kona ya 9 nimekiweka. Herufi zangu kubwa, mistari inashuka upande wa kulia, sijali.

Saa sita na dakika kumi alifika Mpolandi na gari la kulala, peke yake, ana haraka. Alikuja akitembea upesi, akasoma WAZI kwenye ubao wa kwanza, akageuka kurudi. Kisha akauona wa pili. Akasimama. Alisoma mstari kwa mstari, kidole hewani, kama ninavyosoma mimi. Alipofika kwenye petroli akatazama kituo, milango imefungwa. Akatazama gari lake.

"Mpaka saa nane?" akaniuliza.

"Mpaka saa nane."

"Na juu hakuna?"

"Juu hakuna."

Akarudi garini akazima injini. Kisha akaniuliza wapi wanauza chakula, nikampeleka mwenyewe.